Ngozi Inasomwa na Nani?

  

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema nije hapa Mtwara nizungumze juu ya tatuu janja, na kama kweli zina undugu na michoro ya kale ya mwili. Nilicheka kidogo. Tumekwisha kuwa na simu janja, sasa zimekuja tatuu janja, na kila nikilisikia neno hilo najiuliza ujanja wenyewe ni wa nani: wa kifaa, wa aliyekitengeneza, au wangu mimi ninayekivaa? Nikakubali kuja kwa ajili ya swali hilo. Jioni hii nakusudia kufanya mambo matatu. Nitaeleza teknolojia hii inavyofanya kazi, nitaupima undugu unaodaiwa baina yake na chale za mababu, halafu nitauliza swali ambalo naona wahandisi wamelipita mbio. Hoja zangu ni nne, na hazilingani urefu. Mtanistahimili.

Hoja ya kwanza: wino unakaaje ndani ya mtu?

Ngozi ya juu kabisa ni ya kupita tu. Hujibadilisha yote kwa muda wa mwezi hivi, ndiyo maana hina na piko hufifia. Bibi harusi wa Kilwa au Lamu analijua hilo kuliko profesa. Tatuu ya kudumu hupelekwa chini zaidi, kwenye ngozi ya ndani. Huko seli za ulinzi wa mwili huuona wino kama adui na kuumeza, lakini hushindwa kuusaga. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli iliyomeza wino ikifa, wino humwagika na seli nyingine huja kuumeza palepale. Kwa hiyo mchoro unaouona mkononi mwa kijana wa bodaboda ni zamu ya ulinzi isiyokwisha, mlinzi mmoja akimkabidhi mwenzake lindo usiku na mchana.

Hapo ndipo wazo la tatuu janja lilipozaliwa. Ngozi ya ndani imeloa majimaji yaliyo kati ya seli, na majimaji hayo hubeba habari za damu: sukari, chumvi, kiasi cha asidi. Wino ukiwekwa huko ukaweza kubadilika rangi kufuatana na habari hizo, ngozi inakuwa ubao wa matangazo wa mwili. Mwaka 2017 watafiti wa MIT na wa Chuo cha Tiba cha Harvard waliutangaza mradi wao waliouita DermalAbyss. Wino mmoja ulihama kutoka zambarau kwenda waridi asidi ilipobadilika, mwingine ukatoka buluu ukawa wa kahawia sukari ilipopanda, na mwingine ulihitaji taa ya urujuanimno ili kung'aa na kuonyesha kiasi cha sodiamu. Ali Yetisen, mmoja wa watafiti hao, aliendelea na kazi ya namna hiyo Munich, Ujerumani.

Kuna na ukoo wa pili, usiotumia wino bali umeme. Mwaka 2011 John Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha saketi nyembamba inayobandikwa juu ya ngozi kama zile picha za kubandika tulizokuwa tukizipata kwenye bablish. Ilipima mapigo ya moyo na mishtuko ya misuli huku ikinyumbuka pamoja na ngozi. Mwaka 2016 MIT tena, safari hii pamoja na Microsoft, walitumia karatasi ya dhahabu kutengeneza michoro ya kubandika inayoweza kuamrisha simu. Waliiita DuoSkin. Hizi naziweka kando. Ni vifaa vya kuvaa na kuvua, ni jamaa wa hina. Zinazonishughulisha ni zile zinazoingia ndani na kukaa.

Kabla mwenye kisukari hajatoka hapa akaitupa mashine yake ya kupimia: wino wa DermalAbyss ulijaribiwa kwenye vipande vya ngozi ya nguruwe maabarani. Nawaona masheikh wananitazama. Ndiyo, nguruwe, kwa sababu ngozi yake inafanana mno na yetu. Wino wa kumchora mtu ili usome sukari yake haujafika katika duka lolote la dawa.

Hoja ya pili: undugu na wahenga, na jinsi ya kuupima.

Anayeandika kuhusu tatuu janja siku hizi hamalizi ukurasa bila kumtaja Ötzi. Mwaka 1991, mke na mume kutoka Ujerumani walikuwa wakitembea katika milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, wakauona mwili umechomoza kwenye barafu. Walidhani ni mpanda mlima aliyekufa karibuni. Kumbe alikuwa ameuawa miaka kama 5,300 iliyopita. Mwaka 2015 wataalamu walimpiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali, hata ile ambayo jicho halioni, wakahesabu alama 61. Hakuna mnyama wala ua. Ni mistari mifupi iliyopangwa sambamba na misalaba michache, na nyingi ziko kiunoni, magotini, kwenye vifundo vya miguu na kiwiko cha mkono. Ukimpiga eksirei unakuta uti wa mgongo na magoti yameshikwa na baridi yabisi.

Hapo kila mtu akasema: ilikuwa tiba. Mimi pia nasema yawezekana kabisa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari Leopold Dorfer wa Austria na wenzake walikwenda mbele zaidi, wakasema alama zile zimekaa kwenye sehemu zinazochomwa sindano katika tiba ya Kichina, au karibu nazo sana. Magazeti yakashangilia, na mpaka leo habari hiyo hutembea mitandaoni kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Tuitazame kwa makini, kwa sababu ni mfano mzuri wa jinsi dhana inavyovaa joho la ushahidi. Sehemu rasmi za sindano katika tiba hiyo ni 361, zimetapakaa kutoka utosini hadi vidole vya miguu. Weka kidole chako popote panapouma, hukosi jirani. Tena kati ya Ötzi na maandishi ya kale ya Kichina tunayoyajua kuhusu njia za tiba mwilini, yale yaliyofukuliwa katika kaburi la Mawangdui lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, kuna pengo la miaka kama 3,000 na bara zima. Na zile picha za mwaka 2015 ziliibua alama mpya kifuani, mbali na maungio yaliyokuwa yakimsumbua. Mtu aumwaye mgongo huchanjwa mgongoni, na hilo linajulikana Newala, Sumbawanga na Alps. Halihitaji mwalimu wa Kichina.

Mfano wa pili unatoka kwetu Afrika, na naupenda zaidi kwa sababu unatuaibisha wasomi. Katika Makumbusho ya Uingereza kuna mwili wa kijana kutoka Gebelein, Misri, wa zama zilezile za Ötzi. Ulikaa kwenye kioo zaidi ya miaka 100, watu wakipita na watoto wao. Mkononi palikuwa na doa jeusi ambalo hakuna aliyelijali. Ulipopigwa picha kwa infraredi, matokeo yakachapishwa mwaka 2018: doa lile lilikuwa fahali mwitu na kondoo mwitu, wamechorwa mkono wa juu, mmoja akimfunika mwenziwe kidogo. Ni miongoni mwa tatuu za picha za kale kuliko zote zijulikanazo duniani, na ilikuwa mbele ya macho ya mamilioni.

Naye Amunet, kuhani wa kike wa mungu Hathor, aliyefukuliwa Misri mwaka 1891, alikuwa na nukta na mistari tumboni na mapajani. Wasomi wanaume wa wakati ule walipowaona wanawake wa namna yake wenye michoro, wakaamua upesi kwamba ni wachezaji ngoma na masuria. Miaka mingi ilipita kabla ya wengine kuuliza swali ambalo mkunga yeyote angeliuliza kwanza: nukta zilizotandazwa tumboni kama wavu, si zingetanuka mimba inapokua? Leo wengi huzitazama kama kinga ya uzazi. Alama hazikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni msomaji.

Hoja ya tatu: maneno yetu matatu.

Mkiniuliza kama tatuu janja imezaliwa na chale za kale, jibu langu ni hapana. Imezaliwa na kemia na kompyuta. Lakini lugha yetu inalo jambo la kusema hapa ambalo sijalikuta katika vitabu vya wahandisi.

Tuna neno nembo. Leo ukimwambia kijana nembo, anawaza chata ya kampuni au ile ngao ya Bibi na Bwana kwenye nyaraka za serikali. Lakini wazee waliokaa mstari wa mbele wanajua nembo zilikuwa wapi. Zilikuwa usoni. Kimakonde husema dinembo, na aliyezichora alikuwa fundi wa kuheshimiwa, mpundi wa dinembo, na kisu chake kidogo kiitwacho chipopo. Alichanja, akapaka masizi ya mbegu za mbarika, akarudia mpaka mstari ukasimama na kuiva. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nazo mashavuni na kwenye paji. Nikiwa mdogo nilipitisha kidole juu yake kama mtu anayesoma kwa kugusa, naye aliniacha mpaka nikasinzia. Alikuwa akisema kwamba mtu asiye na nembo akifa ugenini, watamzika kama kuni.

Neno la pili ni chale. Chale ni mkato mdogo wenye kazi. Huwekwa penye maumivu na kusuguliwa dawa, au huwekwa mtoto asiyelala. Na neno la tatu mnalo nyote, hata wale wasiotaka kusikia habari za waganga. Mganga huchanja. Muuguzi naye huchanja. Kutokana na kitenzi hicho tumepata chanjo. Wazungu walipoleta sindano ya ndui, babu zetu hawakuazima neno. Walitazama kinachofanyika, ngozi inakatwa, dawa inatiwa, alama inabaki, wakasema: hii tunaijua.

Na walikuwa na haki kusema hivyo. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston, Marekani. Kasisi mmoja aitwaye Cotton Mather alikuwa na mtumwa Mwafrika, jina lake Onesimus, aliyekuwa amemweleza zamani kwamba kwao walichanjwa kwa usaha wa mgonjwa ili wasiugue, na akamwonyesha kovu lake. Daktari Zabdiel Boylston akakubali kujaribu. Kati ya watu zaidi ya 240 aliowachanja walikufa 6, wakati walioupata ugonjwa kwa njia ya kawaida alikufa mmoja kati ya saba hivi. Mji ulimchukia kwa kazi hiyo, na kuna aliyerusha bomu nyumbani kwa Mather. Kovu kwenye mkono wa mtumwa lilikuwa cheti cha chanjo, na nadhani ndicho cha kwanza kusomwa katika nchi ile.

Tafadhali kila mmoja ajiguse begani. Wengi wenu mmekuta kidimbwi kidogo, kovu la chanjo ya kifua kikuu. Mama aliyempeleka mtoto kliniki anakumbuka muuguzi alivyofungua kadi, halafu akaangalia bega pia. Kadi huliwa na mchwa, bega haliliwi. Katika kampeni ya kuifuta ndui duniani, wakaguzi walipita vijijini wakihesabu makovu, si makaratasi. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Hakuwa na kovu.

Sasa sikilizeni hili. Desemba 2019 watafiti wa MIT, kwa fedha za taasisi ya Gates, walichapisha kazi juu ya kiraka chenye sindano ndogondogo zinazoyeyuka. Kiraka hicho huingiza chanjo na papo hapo huacha chini ya ngozi chembe za kwantamu, wino usioonekana kwa macho. Simu iliyorekebishwa ikimulika kwa infraredi inauona mpangilio wa nukta na kujua mtoto amechanjwa. Katika panya alama zilisomeka kwa muda usiopungua miezi tisa. Walengwa ni watoto wa nchi zisizo na kumbukumbu nzuri za kliniki. Yaani sisi.

Basi kazi yake ni ileile ya kovu la Onesimus na la kwangu. Kilichogeuka ni kimoja tu: kovu la begani nalisoma mimi, analisoma mama yangu, analisoma muuguzi bila umeme. Nukta zile bila mashine hazipo.

Hoja ya nne, ambayo ndiyo iliyonileta.

Alama haina thamani yake peke yake. Thamani yake iko kwa msomaji. Ndugu zetu Wamakonde waliovuka kwenda Kenya zamani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge waliishi Kwale vizazi kadhaa bila uraia. Wazee wao walikuwa na nembo usoni zinazosema kila kitu juu ya ukoo wao, lakini karani wa uandikishaji hakuwa na macho ya kuzisoma. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, wakapewa, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Nembo zao hazikuweza kuvuka kaunta ya ofisi.

Kinyume chake kipo pia, na ni kibaya zaidi: alama ambayo mwenye mwili haimfai, inamfaa mtawala tu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni Kenya ililazimisha wanaume Waafrika wa kuanzia miaka 16 kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na historia ya kazi, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, njuga ya mbuzi. Na huko Auschwitz Wanazi hawakutaka hata kikopo. Namba iliingizwa kwenye mkono wenyewe.

Sisemi watafiti wa MIT ni wakoloni. Wanataka watoto wasife kwa surua, nami nataka hivyohivyo. Nasema kwamba kadi inaweza kuchanwa, laini ya simu inaweza kuvunjwa, nywila inaweza kubadilishwa, lakini kilichowekwa chini ya ngozi ya mtoto wa miezi tisa, mtoto hawezi kukivua, wala hakuulizwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sisi tuna ya kwetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zilipotungwa, watunzi waliwaza data iliyo kwenye seva. Nawaomba wanasheria mlio humu mniambie, wakati wa maswali, taarifa iliyo begani mwa mtu inahifadhiwa na nani kisheria.

Kuna na rangi. Wino unaohama kutoka buluu kwenda kahawia unaonekana wazi kwenye ngozi ya nguruwe mweupe. Kwangu mimi je? Melanini iko juu ya wino, kama pazia. Wahenga wetu walilijua hilo bila maabara, ndiyo maana mafundi wengi wa Afrika walipendelea mkato unaoinuka na kuguswa kuliko rangi inayotazamwa. Wakati wa korona, mwaka 2020, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga kiliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe: kiliwaambia madaktari hewa inatosha, kumbe haitoshi. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika hospitalini miongo mingi. Wanaotengeneza chembe za kwantamu wamechagua infraredi, ambayo hupenya melanini vizuri zaidi, na nawasifu kwa hilo. Wenye wino wa kubadilika rangi bado wana deni kwetu.

Na suala la dini silikwepi, maana nimeona sheikh na mchungaji wamekaa kiti kimoja baada ya kingine. Waislamu wa pwani wengi huiepuka tatuu ya kudumu na kubaki na hina, na Wakristo wana katazo lao katika Mambo ya Walawi. Je, mchoro wa kudumu unaopima sukari ni pambo au ni dawa? Mimi si mwanachuoni. Ningependa mlijadili mapema, kabla kifaa hakijaja na watu wameanza kugombana foleni za zahanati.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Ötzi hawezi kuulizwa kwa nini alichanjwa kifuani. Kijana wa Gebelein hawezi kutuambia fahali wake alikuwa wa nini. Tumebaki kupima, kupiga picha na kubahatisha, na kila mbahatishaji anapata anachokitaka. Lakini hapa mkoani kwetu bado wapo bibi na babu wenye dinembo, na wapo waliowaona wapundi kwa macho yao. Chuo au shule yoyote yenye kamera na vijana wawili wenye adabu inaweza kuanza mwezi huu: kuwapiga picha kwa ridhaa yao, kuuliza kila mstari jina lake, nani aliuchora, ulitoka damu kiasi gani, na kama angependa mjukuu wake awe nao. Nimeongea na walimu watatu wa hapa na wameniahidi gari moja na mafuta ya safari mbili. Rekodi zitabaki kwa familia kwanza, nakala kwa chuo baadaye, kwa masharti ya wenyewe. Na mhandisi atakayekuja siku moja kutuwekea wino unaoongea na simu tutampeleka kwanza kwa hao wazee, wamhoji.

Naona mzee mmoja mstari wa mbele ameinua mkono muda mrefu, naye usoni ana nembo tatu za paji ambazo nimeshindwa kuzisoma tangu nilipoanza. Mpelekeeni kipaza sauti.